Kutetea kiti viwanda vikifungwa: kisa cha gavana aliyeshinda uchumi ukiwa taabani

Kisa hiki ni cha kweli na kilitokea Marekani. Nimeondoa jina la gavana, la mpinzani wake, la jimbo, la miji na la kampuni zinazohusika. Miaka na tarakimu nimeziacha, kwa sababu bila hizo kisa hakifundishi kitu. Msomaji anayefuatilia siasa za huko kwa karibu atalitambua jimbo kabla hajafika katikati. Basi na anyamaze nalo.

Nimekichagua kwa kuwa kinakwenda kinyume na hesabu tunayoifanya wote. Uchumi ukiharibika, tunasema, aliye kitini aanze kufunga mizigo. Huyu uchumi wake uliharibika kuliko wa karibu majimbo mengine yote, mpinzani wake alikuwa bilionea aliyemwaga fedha zake mwenyewe, na bado alishinda kwa pengo la asilimia 14. Pia kuna sehemu ya pili ya kisa ambayo wasimulizi wengi huikata: yaliyompata baada ya kushinda.

## Usuli

Gavana alichaguliwa Novemba 2002 kwa takriban asilimia 51 ya kura, akaapishwa Januari 2003. Kabla ya hapo alikuwa mwanasheria mkuu wa jimbo. Aliyemtangulia alikuwa wa chama kingine na alikaa miaka 12. Mabaraza yote mawili ya bunge la jimbo yaliendelea kushikwa na chama hicho kingine katika muhula wote wa kwanza. Hilo lilimtesa gavana kila msimu wa bajeti, lakini tutaona baadaye kwamba pia lilimwokoa.

Jimbo lenyewe liliishi kwa magari. Kampuni tatu kubwa za kuunda magari zilikuwa na mizizi huko, na nyuma yake kulikuwa na mamia ya viwanda vidogo vya vipuri, wachora ramani za mitambo, madereva wa malori, mama wa mkahawa ulio mkabala na lango la kiwanda. Kuanzia mwaka 2000 jimbo lilipoteza ajira kila mwaka. Kufikia 2006 ukosefu wa ajira ulikuwa karibu asilimia 7, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa karibu asilimia 4.6.

Tarakimu hizo mbili ndizo kiini cha tatizo lake. Wahenga walisema msiba wa wengi ni harusi, lakini jimbo hili lililia peke yake. Majirani walikuwa wakijenga nyumba na kununua magari, tena mengi yakiwa ya Kijapani. Gavana wa nchi iliyodorora yote anaweza kunyooshea kidole Washington. Gavana wa jimbo lililodorora peke yake huulizwa: mbona wenzako wanasonga mbele?

Kisha kuna hazina. Katiba ya jimbo inalazimisha bajeti isawazishwe kila mwaka, kwa hiyo hakuna njia ya kukopa ili kuziba nakisi kama ifanyavyo serikali kuu. Kazi zikipungua, kodi hupungua, na matumizi lazima yakatwe wakati ule ule wananchi wanapoyahitaji zaidi. Gavana alikata fedha za vyuo vikuu na mgao wa serikali za miji, na mwaka 2004 kodi ya sigara ikapandishwa kutoka dola 1.25 hadi dola 2 kwa pakiti. Hakuna mtu anayepewa kura kwa mambo hayo.

## Mambo yalivyofuatana

Januari 2004, kampuni moja ya kigeni ya vyombo vya nyumbani ilitangaza kwamba itafunga kiwanda chake cha majokofu katika mji wa watu wapatao 8,000 na kuhamishia kazi Mexico. Kiwanda kiliajiri watu 2,700. Hebu pima hesabu hiyo: karibu kila nyumba ilikuwa na mtu ndani ya geti lile, au mtu aliyekula kwa mshahara wa aliye ndani.

Gavana alikwenda. Serikali ya jimbo, ya mji na chama cha wafanyakazi walikaa mezani na kumwaga kila walichokuwa nacho: misamaha ya kodi ya miaka mingi, msaada wa kujenga kiwanda kipya, na wafanyakazi wenyewe kukubali gharama zao zipunguzwe. Wakuu wa kampuni walitoka nje kujadili, wakarudi muda si mrefu, wakashukuru kwa ukarimu na kusema hakuna kinachoweza kubadilisha uamuzi. Mishahara ya Mexico isingeshindikana kwa msamaha wowote wa kodi. Kiwanda kilifungwa rasmi Machi 2006, miezi minane kabla ya uchaguzi.

Oktoba 2005, kampuni kubwa kuliko zote za vipuri vya magari nchini, yenye makao yake jimboni, iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Mwezi uliofuata moja ya zile kampuni tatu za magari ilitangaza kupunguza kazi 30,000 Amerika Kaskazini. Januari 2006 kampuni ya pili kati ya hizo tatu ikatangaza kupunguza kati ya 25,000 na 30,000 na kufunga viwanda 14. Si zote zilikuwa za jimbo hili, lakini nyingi zilikuwa, na hofu haikuchagua.

Siku chache baada ya tangazo hilo la Januari, gavana alisimama mbele ya bunge kutoa hotuba yake ya mwaka. Aliahidi kwamba katika miaka mitano wananchi wangestaajabia nguvu na upana wa uchumi mpya wa jimbo lao. Ahadi hiyo itakumbukwa.

Mpinzani aliingia mapema. Alikuwa mrithi na aliyewahi kuwa mkuu wa kampuni ya familia inayouza bidhaa kupitia wakala wa mtu kwa mtu. Hakuwa na mshindani ndani ya chama chake, hivyo hakuunguza senti katika mchujo. Februari 2006, wakati wagombea wa kawaida bado wanatafuta ofisi ya kupanga, matangazo yake ya televisheni yalikuwa hewani: mfanyabiashara, si mwanasiasa, anayejua kuunda kazi. Hadi mwisho alitumia takriban dola milioni 35 za mfukoni mwake, na kinyang'anyiro kikawa cha gharama kubwa kuliko vyote vya ugavana katika historia ya jimbo hadi wakati huo. Kufikia mwisho wa machipuko, tafiti za maoni zilikuwa zikimweka mbele ya gavana.

Majira ya joto yaligeuza mambo. Chama cha gavana kilianza kurusha matangazo yenye ujumbe mmoja: kampuni ya mpinzani ilipunguza wafanyakazi wapatao 1,400 jimboni huku ikiwekeza dola milioni 200 China. Julai, kampuni kubwa ya intaneti ikatangaza ofisi mpya katika mji wa chuo kikuu, yenye kazi 1,000 ndani ya miaka mitano. Agosti, bunge likafuta kodi kuu ya biashara ya jimbo, iliyokuwa ikiingiza karibu dola bilioni 1.9 kwa mwaka, ufutaji huo uanze mwishoni mwa 2007, bila kusema pengo litazibwa na nini. Hoja ilitokana na saini za wananchi, na sheria ya namna hiyo ikipita bungeni haimpi gavana nafasi ya kuikataa.

Oktoba mosi kima cha chini cha mshahara kikapanda kutoka dola 5.15 hadi 6.95 kwa saa. Mwezi huo huo ikafanyika midahalo mitatu ya televisheni.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, na kwangu mimi ndio mkubwa, ulikuwa kuonekana mahali pa msiba. Washauri wengi wa kampeni humwambia mgombea aliye kitini akae mbali na kiwanda kinachofungwa: picha yake isikutane na mabango ya "tumefungwa". Gavana alifanya kinyume. Alikwenda kwenye mji wa majokofu, akala na wafanyakazi, akakisimulia kisa chao kila alikopita, na akarudia kwamba yuko tayari kwenda popote na kufanya lolote kuleta kazi. Alisafiri hadi Japani kuzungumza na makampuni. Mantiki yake ilikuwa kwamba kushindwa hadharani ukiwa umepigana si sawa na kushindwa ukiwa ofisini. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, hata kama hakukuletea chochote mkononi.

Wa pili ulikuwa kuvumilia. Kati ya Februari na mwanzo wa majira ya joto kampeni yake karibu haikujibu kwenye televisheni, huku pengo likizidi kupanuka. Ndani ya chama watu walihangaika. Sababu ilikuwa ya fedha tupu: dhidi ya mtu asiyeishiwa, ukianza kumwaga matangazo Machi, Oktoba utakuwa unaomba mkopo. Aliacha mpinzani anunue umaarufu, akasubiri muda ambao wapigakura wangeanza kuuliza maswali.

Wa tatu ulikuwa kubadilisha swali. Swali la mpinzani lilikuwa: je, umeridhika na hali? Jibu la swali hilo halikuwa na utata. Kampeni ya gavana ikaweka swali jingine juu yake: kati ya hawa wawili, nani angesimama kati yako na mtu anayehamisha kazi yako? Hapo ndipo China ilipoingia. Nyani haoni kundule. Mtu aliyejenga kampeni nzima juu ya ajira alikuwa na rekodi yake mwenyewe ya ajira, na hakuwa na jibu fupi la kuitetea. Majibu yake kuhusu kanuni za soko la China yalikuwa ya kweli kwa kiasi fulani, lakini yalihitaji dakika tatu, na tangazo ni sekunde thelathini.

Wa nne ni kugawana mzigo wa lawama na bunge. Kodi ya biashara ilipofutwa, gavana hakuitetea kodi yenyewe, maana wafanyabiashara waliichukia na hata yeye alitaka ibadilishwe. Alishika pengo: bilioni 1.9 zitatoka wapi, shuleni au hospitalini? Mpinzani, aliyeunga mkono kufutwa, akawa ndiye anayedaiwa maelezo.

Na wa tano ni uwekezaji wa muda mrefu. Mwaka 2005 alisukuma mpango wa kutumia fedha ambazo jimbo lilikuwa likilipwa na makampuni ya sigara kutokana na kesi ya zamani, ili kufadhili teknolojia mpya: nishati mbadala, tiba, mitambo ya kisasa. Bunge lilikubali, kwa kiasi kidogo kuliko alichoomba. Mpango ulikuwa wa busara kiuchumi. Kisiasa, haukuwa na kiwanda cha kuonyesha kufikia Novemba.

## Matokeo

Tarehe 7 Novemba 2006 gavana alipata asilimia 56, mpinzani 42. Alishinda kwa wingi kuliko alivyoshinda 2002, wakati hali ilikuwa afadhali. Chama chake kilichukua pia baraza la wawakilishi la jimbo. Seneti ikabaki kwa wapinzani.

## Uchambuzi: kilichofanya kazi

Tuanze na upepo, kwa sababu ni rahisi kumsifia gavana kwa kitu alichopewa. 2006 ulikuwa mwaka wa vita vya Iraq na rais aliyechokwa, na rais huyo alikuwa wa chama cha mpinzani. Katika uchaguzi ule, nchi nzima, hakuna gavana, seneta wala mbunge wa chama cha gavana wetu aliyekuwa akitetea kiti akakipoteza. Hata mmoja. Kwa hiyo anayesema mbinu zake ndizo zilizomrudisha anadanganya nusu. Labda angeshinda hata kwa kampeni ya wastani. Sidhani angeshinda kwa asilimia 14.

Wakenya wanaujua upepo huu. Mfumuko wa bei ulifika asilimia 8.5 Agosti 2022, unga ulikuwa umepita shilingi 200 kwa pakiti ya kilo mbili, na magavana kadhaa wakaangushwa. Lakini tazama eneo la Mlima Kenya na jirani zake: waliokuwa upande wa chama kilichokataliwa na eneo walianguka Nakuru, Kiambu, Laikipia na Nyandarua, wakati Nyeri na Kirinyaga, ambako magavana walikuwa wamehamia chama chenye upepo, viti vilitetewa. Unga ulikuwa bei ile ile pande zote mbili. Ningetaka kila anayeandika kwamba "uchumi ulimwangusha gavana fulani" aanze kwa kueleza kwa nini haukumwangusha jirani yake.

Sasa mbinu. Kuhudhuria msiba kulifanya kazi kwa sababu moja ambayo haisemwi sana: kulimpa gavana haki ya kumshambulia mpinzani kuhusu China. Angekuwa mtu aliyejificha wakati majokofu yanahama, tangazo la China lingemrudia usoni. Shambulio hutegemea kilichokuja kabla yake. Kampeni nyingi huiga tangazo na kusahau safari.

Kuvumilia kulifanya kazi kwa sababu fedha za mpinzani zilinunua kujulikana, na kujulikana hakuna mwelekeo. Kufikia Julai kila mtu jimboni alijua jina lake. Ndipo gavana alipowaeleza jina hilo limefanya nini. Kwa maana fulani bilionea alilipia nusu ya tangazo lililomuua. Hata hivyo sipendekezi uvumilivu huu kwa mtu asiye na chama chenye mfuko wa kujibu wakati ukifika.

Bunge la upande mwingine lilimwokoa. Wapigakura hawakuweza kusema kwamba serikali yote ni yake. Kima cha chini cha mshahara ni mfano mzuri na wenye kuchekesha: wabunge wa chama pinzani walikipitisha wenyewe Machi 2006 ili hoja ya kukipandisha isifike kwenye karatasi ya kura ya Novemba na kuwavutia wapigakura wasiowataka. Wakaizima hoja, wakampa gavana sheria ya kutia saini, na nyongeza ikaanza kulipwa wiki tano kabla ya uchaguzi.

## Uchambuzi: kilichoshindwa

Ile hotuba ya Januari. Ahadi yenye tarehe, inayohusu kitu usichokidhibiti, ni deni ambalo mdai wake hasahau. Gavana hakuwa na mamlaka juu ya bei ya petroli, mishahara ya Mexico wala maamuzi ya bodi za makampuni ya magari. Miaka mitano baadaye kampuni mbili kati ya tatu zilikuwa zimepitia kufilisika (zote mwaka 2009), ukosefu wa ajira ulikuwa umepita asilimia 14, na sensa ya 2010 ililikuta jimbo hilo likiwa la pekee nchini lililopungukiwa watu. Wapinzani waliirudia sentensi yake hadi ikawa mzaha.

Hata hivyo kosa kubwa zaidi lilifichwa na ushindi. Kampeni ilimuuliza mpinzani bilioni 1.9 zitatoka wapi, na swali lilikuwa halali. Lakini gavana naye hakulijibu kwa ukamilifu. Kusema mwaka wa uchaguzi kwamba kodi ya mapato itapanda ni kujinyonga, nalielewa hilo. Matokeo yake ni kwamba alirudi kitini akiwa na asilimia 56 ya wapigakura ambao hakuna aliyewaambia bili inakuja.

Bili ilifika haraka. Mwaka 2007 bunge na gavana walivutana hadi usiku wa mwisho wa mwaka wa fedha, na alfajiri ya Oktoba mosi serikali ya jimbo ikasimama kwa saa kadhaa. Walipopatana, kodi ya mapato ilipanda kutoka asilimia 3.9 hadi 4.35, na ikaongezwa kodi ya asilimia 6 kwa orodha ya huduma iliyokuwa imeungwaungwa ovyo usiku wa manane. Kodi hiyo ya huduma ilifutwa tarehe mosi Desemba, siku ile ile iliyoanza kutumika, na nafasi yake ikachukuliwa na nyongeza juu ya kodi mpya ya biashara. Wafanyabiashara waliokuwa wameahidiwa nafuu wakajikuta na mzigo.

Je, angeweza kufanya vingine? Wenzangu husema hapana: hakuna mgombea anayeshinda kwa kutangaza kodi jimbo likiwa na njaa. Mimi nadhani ilikuwapo njia ya katikati Septemba 2006, tafiti zilipoanza kumpa nafasi nzuri. Angeweza kusema pengo litazibwa kwa sehemu tatu, akitaja kukata matumizi, kodi mpya ya biashara na mchango wa wote, bila kutaja asilimia. Angepoteza kura kadhaa kati ya pengo la 14. Angekuwa na la kusema mbele ya seneti mwaka uliofuata: wananchi walinisikia wakanichagua.

Sheria ya jimbo ilimzuia kugombea muhula wa tatu. Mwaka 2010 mgombea wa chama chake alishindwa kwa takriban asilimia 18, na aliyeshinda alikuwa mfanyabiashara asiyewahi kushika wadhifa wa kuchaguliwa.

Katika mji wa majokofu, kampuni ya paneli za jua ilifungua kiwanda mwaka 2007, aina ile ile ya kazi mpya ambayo gavana alikuwa akiihubiri. Kiliajiri watu mamia, si maelfu. Kampuni mama ilifilisika mwaka 2012.